Kichu cha Kuwanga

Mwalimu aliyemvunjia dadangu posa alikuwa na sauti nzuri. Hilo nalisema mapema, isije ikadhaniwa nilimchukia kwa kila alichokuwa nacho. Akianza kueleza jambo, hata jenereta iliyonguruma uani chini ya dirisha ilikuwa kama imepunguza makelele ili imsikilize. Watu walimpenda kwa sauti ile. Na kwa sauti ile ile akatuharibia nyumba.

Tulikuwa tumerudi Kismayo kutoka Mombasa, mama, dadangu na mimi, baada ya miaka ya ukimbizi. Kwetu hasa ni Chula, kisiwa chetu sisi Wabajuni, lakini huko alikuwa amebaki bibi na majirani wachache, basi tukapangisha vyumba mtaa wa Majengo. Mama alikuwa akikaanga samaki na kuuza barazani. Dadangu, aliyenizidi umri kidogo na upole sana, alikuwa ameshaposwa na kijana wa watu wa kisiwa cha Ngumi waliokuwa na duka la nyavu na kamba karibu na bandari. Mahari yalikuwa yameshasemwa. Kilichobaki ni kutaja siku.

Ni huyo mchumba aliyeleta habari ya kompyuta. Baba yake alitaka kununua moja kwa ajili ya duka, na yeye akaona ni vizuri mke wake ajue kuitumia. Akatuma salamu kwamba mjini kumefunguliwa darasa, na wanawake wanapokewa. Dadangu hakutaka kwenda peke yake. Ndivyo nilivyoingia na mimi, kama mtu anayemshikia mwenzake mkoba.

Darasa lilikuwa orofani, juu ya duka la vipuri. Wanawake tulikaa nyuma. Mashine zilikuwa chache, zimefunikwa vitambaa vyeupe kama maharusi, na hatukuruhusiwa kuzigusa siku ile ya kwanza. Mwalimu, kijana wa mjini aliyekuwa ameishi Nairobi na Mombasa, shati limepigwa pasi hata mikunjo yake ingekukata, alisimama mbele akauliza kwa Kisomali:

"Nani ataniambia kompyuta ni nini?"

Mmoja akasema ni televisheni ya kuandikia. Mwingine akasema ni taipureta yenye kioo. Mwalimu alitabasamu tu, akasema wote wamekaribia. Kisha akanyoosha kidole mpaka nyuma, kwa dadangu.

"Wewe wa visiwani. Jibu kwa Kiswahili, usiogope. Kiswahili mimi nimekinywa Mombasa kwa kikombe."

Dadangu akasimama. Mtu mpole akiogopa hurudi kwenye lugha aliyolelewa nayo, na yeye alilelewa na bibi. Akasema:

"Ni kichu cha kuwanga."

Sisi kwetu, kuwanga ni kuhesabu. Bibi alikuwa hana neno jingine. Samaki wakiletwa alikuwa akiita, "Ndoo uniwangie hawa," yaani njoo unihesabie, na mtoto aliyeshindwa kuwanga mpaka kumi alichekwa na wenzake. Lakini mitaani Mombasa neno hilo limebaki na maana moja tu. Mwanga ni mchawi, yule anayesemwa kwamba hutoka uchi kwenda kuroga. Maana hiyo ndiyo aliyoinywa mwalimu kwa kikombe chake.

"Subhanallah!" alisema, akashika kifua. "Kitu cha kuwanga!" Akageukia darasa, akawatafsiria kwa Kisomali: "Anasema kompyuta ni chombo cha wachawi. Jamani, kumbe tumekaa na saahir humu ndani!"

Saahir ni mchawi. Hakuna Msomali asiyelijua neno hilo, wala Mbajuni wa Kismayo. Darasa likaangua kicheko.

"Siyo hivyo, mwalimu," dadangu alisema. "Kuwanga ni..."

"Kaa, kaa, dada. Usije ukaniwangia mimi."

Kicheko kikazidi. Dadangu akakaa. Nilimwona akizikunja ncha za ushungi wake na kuzikunjua, akizikunja na kuzikunjua.

Kama ingeishia hapo, ningesahau. Lakini mwalimu aliona utani wake umependwa, akaufanya kazi. Kila asubuhi akiingia alikuwa akiuliza, "Saahir amefika? Basi tuanze." Jenereta ikizimika alikuwa akigeuka na kumwangalia yeye, na darasa zima likigeuka naye. Walikuwa wakicheka. Halafu siku moja msichana aliyekaa karibu nasi alipigwa na umeme kwenye soketi mbovu, mkono ukamtetema, na siku ile hakuna aliyecheka. Yule msichana alichukua kiti chake, akakisogeza mbali na dadangu. Kesho yake na wengine wakasogeza. Nimeishi sehemu nyingi, na sijaona kitu kinachogeuka imani haraka kama mzaha wa mtu anayependwa.

Msichana wa soketi alikuwa jirani wa akina mchumba. Haikupita muda shangazi yake yule mchumba akaja kwetu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, chai hakuigusa.

"Hatusemi ni kweli," alimwambia mama. "Lakini neno likishatoka mdomoni mwa mwalimu, mtu aliyesoma, na sisi tuna watoto wadogo nyumbani..."

"Neno gani?" mama akauliza, maana tulikuwa hatujamwambia.

Shangazi hakulitaja. Alisema tu kwamba kijana ameshauriwa aangalie kwingine. Kijana mwenyewe hakuja wala hakutuma mtu. Dadangu alisikia yote kutoka chumba cha pili, na shangazi alipotoka, alilikunja buibui lake, akalifunga ndani ya kanga, akaliweka chini kabisa ya sanduku. Tangu siku hiyo hakutoka mlangoni. Kwenda sokoni, hapana. Kwenda arusini, hapana. Wageni wakija alikuwa akihamia jikoni.

Nilikwenda kwa mwalimu. Nilimkuta akifuta vumbi kwenye mashine zake kwa upendo, kama mtu anayemwogesha mtoto. Nikamweleza maana ya neno. Nikamweleza habari ya posa. Nikamwomba, kwa adabu yote niliyofundishwa, aende kwa wale watu awaambie kwamba ulikuwa utani.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Dada, mimi ni mwalimu wa kompyuta. Mimi si mshenga."

Akaendelea kufuta vumbi.

Nilishuka ngazi zile nikiwa mtu mwingine. Mama aliponiona usoni alijua. "Mwachie Mungu," aliniambia.

"Ya akhera nimemwachia Mungu," nikamjibu. "Ya hapa Kismayo nitayashughulikia mwenyewe."

Mama alidhani nitaacha kozi. Sikuacha. Nilikaa kiti cha mbele, kile ambacho wanawake hawakuwa wakikitaka, nikawa mwanafunzi ambaye kila mwalimu humwota. Nilifika wa kwanza, nikaondoka wa mwisho. Wenzangu walijifunza kwa sababu ya kazi au kwa sababu ya kupoteza wakati, na mimi nilijifunza kwa chuki. Chuki ina nidhamu, na haisinzii. Hata vidole vyangu vilijua kibodi kwa hasira, herufi kwa herufi, mpaka nikawa naandika bila kuangalia chini.

Katika mashine moja kulikuwa na diski ya kamusi kubwa ya elimu, na wenzangu wakitoka kwenda kuswali adhuhuri mimi niliswali upesi nikarudi kuisoma. Humo nilikuta asili ya neno lenyewe. Zamani, kabla ya mashine, kompyuta lilikuwa jina la mtu. Walikuwapo watu, wengi wao wanawake, waliokaa mezani kutwa wakikokotoa hesabu za nyota, za bahari, za mizinga, na wao ndio walioitwa hivyo, wenye kuhesabu. Mashine ilipokuja ikawanyang'anya kazi, ikawanyang'anya na jina. Nilisoma mstari ule nikarudia. Kitu cha kuhesabu. Kichu cha kuwanga. Dadangu alijibu sawasawa kuliko wote, akavunjiwa posa kwa jibu sahihi.

Pale ningeweza kumpelekea mwalimu nikamwonyesha. Mtu mwema angefanya hivyo. Mimi nilifunga ukurasa, nikafunika mashine, nikaenda nyumbani nikala wali wangu kwa hamu.

Njia ya kulipiza alinifundisha mwenyewe. Alikuwa akitufundisha programu ya kuandikia, akatuonyesha kwamba unaweza kuiamuru mashine: nikiandika neno hili, wewe weka lile. Alituonyesha kwa makosa ya tahajia. Ukikosea jina la Kismayo, mashine inakurekebishia yenyewe, mara tu unapobonyeza nafasi ya kuachanisha maneno.

"Kompyuta haina akili," alisema kwa ile sauti yake nzuri. "Haina rafiki, haina adui, haina haya. Inapokea, inachakata, inatoa. Ukiiamuru leo, kesho itatii, hata kama wewe mwenyewe umesahau."

Mimi sikusahau.

Ikatangazwa siku ya wageni. Mwalimu alitaka wafanyabiashara wa mjini waone kazi yake, wanunue mashine kupitia kwake, walete watoto wao. Akaazima projekta ya kuonyesha ukutani. Na kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wake bora, alinikabidhi mimi chumba, nifagie, nipange viti, niwashe mashine yake, nihakikishe kila kitu kiko tayari.

Nilihakikisha. Nilifungua mahali pale alipotuonyesha, upande mmoja nikaandika jina lake kamili kama alivyozoea kuliandika, upande wa pili nikaandika saahir. Kisha nikajaribu. Herufi za jina lake zilikaa kwenye skrini kidogo, nikabonyeza nafasi, na jina likageuka kwa upole kabisa, kama mwanamke anayeweka sawa ushungi. Nikafuta. Nikapangusa kibodi kwa kitambaa kile kile cheupe.

Wageni walikuja baada ya kifungua kinywa, wamejitia manukato. Walikuwapo wenye maduka, wazee wa mitaa, wazazi. Alikuwapo pia baba yake yule mchumba, pamoja na kijana mwenyewe, maana bado walitaka kompyuta ya duka. Kijana aliponiona alijifanya anaangalia dari.

Mwalimu akaanza. "Binadamu hukosea," alisema. "Binadamu husahau, binadamu husengenya. Kompyuta haisengenyi. Kompyuta haisemi uongo. Kinachoandikwa humu ndicho kilicho."

Wazee wakatikisa vichwa. Yeye, uso kwa wageni, vidole kwenye kibodi, akaandika kwa madaha kwa Kisomali, bila kuangalia ukuta nyuma yake. Ukutani, kwa herufi kubwa kama mikono, ikatokea: Mimi naitwa saahir.

Akaendelea kuandika huku akitabasamu. Shule hii imeanzishwa na saahir.

Mzee mmoja mfanyabiashara, mwenye ndevu za hina, akainuka nusu kitini. "A'udhu billahi," alisema. "Kijana, geuka."

Mwalimu akageuka. Nilimtazama shingo kwa nyuma, nikaona jinsi rangi inavyoweza kumtoka mtu hata shingoni. Alifuta upesi, akaandika tena. Jina lake likatokea, zuri, kamili. Akabonyeza nafasi. Saahir. Akafuta. Akaandika polepole, herufi moja moja, akiigongea mashine kama anayemfundisha mtoto mzito. Saahir. Safari hii mtu akacheka nyuma, na kicheko kikapita safu kwa safu. Na kadiri alivyozidi kuandika, ndivyo mashine ilivyozidi kumtaja.

"Hicho chombo," mzee akauliza, "kinakujua tangu lini?"

"Ni mtu ameiamuru!" mwalimu akasema. "Kuna mtu ameiambia ibadilishe jina langu!"

"Kumbe hudanganya?"

"Haidanganyi, mzee, imeambiwa tu..."

"Wewe umesema sasa hivi haisemi uongo. Sisi tushike lipi? Chombo ni cha uongo, au wewe ni hicho kilichoandikwa?"

Chumba kizima kikavunjika kwa kicheko. Baba yake mchumba alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Mwalimu akachomoa waya wa projekta, ukuta ukabaki mtupu. Halafu akatafuta uso wangu katikati ya watu, akaupata. Mimi nilikuwa nimekaa, mikono mapajani. Sikuinamisha macho. Nilitaka ajue. Kisasi ambacho mwenyewe hajui nani amemlipa ni hasara tupu.

Mji mdogo haupotezi neno tamu kama hilo. Kufikia Ijumaa watoto walikuwa wakimwita hivyo mtaani, kisha wakikimbia. Wengi wa wakubwa walijua ni mchezo wa mashine, lakini walijua kwa vichwa tu. Mama mmoja alimtoa binti yake darasani, akafuata wa pili. Mwenye duka la vipuri alianza kuuliza kama mkataba wa chumba utaendelea. Kila habari ilipofika kwetu nilimpelekea dadangu jikoni, kama mtu anayepeleka zawadi. Alikuwa akisikiliza huku akigeuza samaki kwenye mafuta.

Alasiri moja mwalimu akaja nyumbani. Mama, Mungu amsamehe, alimkaribisha vizuri, akamtandikia mkeka, akamletea chai yenye hiliki na mkate wa kumimina. Nilikasirika nusura niondoke. Mkate ule ulikuwa wangu.

"Eddo," alimwambia mama, kama Wasomali wanavyomwita shangazi, "mwambie binti yako aje mbele ya wanafunzi aseme ni yeye. Watu wamekuwa wakinikwepa. Hata msikitini kuna mtu amehama safu."

"Kuhama si vizuri," mama alisema kwa huzuni ya kweli.

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi si mshenga."

Akanitazama. Nadhani hapo ndipo alipokumbuka. Akaweka kikombe chini.

"Nitakwenda kwa wale watu," alisema. "Nitawaeleza. Posa itarudi."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwambia aende kwa magoti, nikasikia mlango wa jikoni. Dadangu akatoka, amejifunga kanga, mikono ina unga. Ilikuwa mara ya kwanza kuja mbele ya mgeni tangu siku ile.

"Usiende kwao," alisema. "Mimi simtaki mchu aliyeniacha kwa neno moja bila ya kuja kuniuliza maana yake."

"Basi unataka nini, dada?"

"Uandike ubaoni neno langu na maana yake. Mbele ya wale wale. Nami niwepo."

Mwalimu akakubali, kwa sharti kwamba na mimi niseme. Mimi niliona ni kidogo mno. Nilitaka alie. Lakini posa haikuwa yangu.

Siku iliyofuata dadangu alilifungua sanduku, akatoa buibui. Lilikuwa limejikunja vibaya, hakulipiga pasi. Tulipanda ngazi pamoja. Darasa lilikuwa limepungua, lakini msichana wa soketi alikuwapo. Mwalimu alishika chaki, akaandika kuwanga, na mbele yake kuhesabu, kwa Kiswahili na kwa Kisomali. Akasema kwamba yeye alilijua neno kwa maana moja na akadhani ndiyo yote. Akasema kompyuta ni chombo cha kuhesabu, na kwamba picha, barua, nyimbo, kila tunachokiona kwenye kioo, ndani kwake ni hesabu tupu. Dada huyu, akasema, alijibu sawa siku ya kwanza. Midomo ilikuwa imemkauka, na sauti nzuri haikumsaidia. Dadangu alisimama mlangoni mpaka mwisho, hakukaa.

Kisha ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimeahidi kusema kwamba ni mimi niliyeiamuru mashine, nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, haraka, na kwa Kibajuni.

"Kwa Kisomali," mwalimu akaomba.

"Kiswahili si umekinywa?" nikamjibu. "Watafsirie."

Akatafsiri mwenyewe. Hebu fikiria ni wangapi walimwamini.

Baadaye alihama mji. Nimesikia alifungua darasa kwingine na linakwenda vizuri, na nimesikia pia kwamba jina lilimtangulia, likamngojea stendi. Watu wakisikia kisa hiki huniuliza kama simwonei huruma. Naitafuta huruma hiyo mara kwa mara, hasa mwezi wa Ramadhani, na siioni.

Kabla mwalimu hajahama, shangazi yake yule mchumba alirudi kwetu. Safari hii chai aliinywa, akaongezewa. Alikuja na sahani ya halua iliyofunikwa kwa kawa, amevaa dhahabu, akazungumza habari za hali ya hewa na bei ya nyavu mpaka akachoka mwenyewe. Kisha akamwambia mama kwamba mambo yameshaeleweka, kijana hajaangalia kwingine, na duka limeshapata kompyuta lakini hakuna wa kuitumia.

Mama akageuka kumtazama dadangu, na macho yake yalikuwa yakiomba akubali. Dadangu alikuwa amekaa nasi sebuleni, hakukimbilia jikoni.

"Shangazi," alisema kwa upole wake wote, "mwambieni akajifunze mwenyewe. Darasa bado liko wazi, na viti sasa ni tele."

Shangazi akakusanya buibui lake, akasema ameacha kitu jikoni kwake. Mama alimsindikiza mpaka barabarani kwa aibu, akimwombea njia njema. Aliporudi alitukuta dadangu na mimi tumeshaifunua kawa. Halua hatukuirudisha.